Kamera iliyonidai ada

Zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa, iliangukia mwezi wa tatu mwaka jana. Laki saba. Nilikuwa nimeshazigawa kichwani kabla sijazishika: kamera laki tano na kidogo, lenzi laki na kitu, inayobaki nauli ya Dar kwenda na kurudi. Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Hivi hiyo simu yako ina kamera ngapi?" Tatu. Nikanyamaza.

Lakini simu ndiyo iliyonifikisha hapo. Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari hapa Tanga. Kazi yangu ni risiti na ada, ila kila mahafali walimu hunisukumia upigaji picha, eti nina mkono. Mahafali yetu hufanyika bwaloni: madirisha madogo, taa sita, zinazowaka mbili. Mtoto akinyoosha mkono kupokea cheti, kwenye simu anatoka kama mzimu uliovaa joho.

Kariakoo nilikwenda nimejipanga. Wiki mbili nzima nilikuwa nasoma habari za kamera za mtumba, nikaishia kwenye Nikon D3200, bodi (yaani kamera bila lenzi) ya mwaka 2012 yenye megapikseli 24, na lenzi yake ndogo ya kuvuta, ya milimita 18 hadi 55. Muuzaji alianza laki sita na ishirini. Nikapiga picha karatasi nyeupe tundu la lenzi likiwa f/22, yaani dogo sana, nikaikuza nione vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: doa moja tu, kona ya juu. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu nitafute fangasi, maana sisi wa pwani tunawajua. Safi. Nikon huandika ndani ya picha idadi ya mara shata, kile kipazia cha kuruhusu mwanga, ilivyofunguka, kwa hiyo nikaomba kompyuta ya duka tukaangalia: elfu kumi na nane na ushei. Kwa kamera ya namna hii hicho ni kitoto. Kijana akaanza kuniangalia kwa heshima. Tukamalizana kwa laki tano na ishirini.

Kichwa kikavimba, na hapo ndipo nilipoliwa.

Nilitaka lenzi ya 50mm f/1.8, kwa sababu lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa. Kutoka hapo hadi f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Kwa bwalo letu hiyo si anasa. Alikuwa nayo, ndogo, nyepesi, laki moja na thelathini. Nikamuuliza, "Inaingia kwenye kamera hii?" Akajibu, "Dada, Nikon kwa Nikon, inaingia bila wasiwasi." Betri ilishabaki kijistari kimoja na basi langu lilikuwa la saa tisa. Sikuijaribu.

Na hakusema uongo. Iliingia.

Usiku nikachaji betri, nikaifunga lenzi, nikawasha. Kwenye kioo kukaanza kumetameta herufi tatu: FEE. Kwa Kiingereza, ada. Nikacheka peke yangu sebuleni. Kutwa nzima nadai watu ada, narudi nyumbani nadaiwa na kamera! Nikabonyeza shata, kimya. Kicheko kikaisha.

Kesho yake baada ya kazi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti. Amepiga picha tangu enzi za filamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuuzia?"

Alikuwa hajaigusa bado. Akaichukua, akazungusha pete ya namba mpaka 22, akasukuma kijikufuli kilicho pembeni. FEE ikatoweka. Kumbe lenzi hizi za zamani zina pete yake ya tundu, na kamera inataka uiache kwenye namba kubwa kabisa ili yenyewe ndiyo iamue. Nikamshukuru, nikanyanyuka. Akasema, "Kaa. Bado."

Akaigeuza nyuma, akanionyesha kidude mfano wa kichwa cha skrubu. Lenzi hii, akasema, haina mota ya kufokasi, yaani ya kuitafutia picha ukali yenyewe. Iliundwa iendeshwe na mota iliyomo kwenye bodi, kupitia hapo. Bodi za bei nafuu kama yangu hazina mota hiyo. "Ungechukua D90 ya 2008, ingefokasi. Ya kwako mpya zaidi, haifokasi." Ukitaka kwa bodi yangu, herufi za kutafuta ni AF-S, yangu imeandikwa AF tu. Watu wa Canon mtego huu hauwapati: lenzi zao za EF zinazofokasi zenyewe hubeba mota ndani yake tangu mwaka 1987.

Laki na thelathini. Nilihesabu ni madaftari mangapi.

Ila mzee alinipa kitu kingine. Ukitazama kwenye tundu la jicho, chini kushoto kuna kidoti cha kijani. Unazungusha lenzi kwa mkono, fokasi ikikaa, kidoti kinatulia. Nikafanya mazoezi miezi sita kwa kuku wa jirani, na kuku hatulii.

Mahafali ya kidato cha nne yakafika. Sensa ya D3200 ni ndogo kuliko fremu ya filamu, hivyo 50mm inaona kama 75mm, yaani inavuta vitu karibu zaidi. Kumpata mtoto na mkuu wa shule pamoja ilinibidi nirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa sufuria za makande. Picha mia mbili na kumi na mbili, zilizotulia hazifiki mia. Lakini hizo chache! Mkono, cheti, mama mtu nyuma anafuta machozi kwa ncha ya kanga, vyote vinasomeka.

Sasa naweka akiba ya 35mm f/1.8 ya AF-S. Zamu yangu ya mchezo bado ipo mbali.

Kwa sasa vyote vinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyonyonya unyevu, ambavyo naviomba kwenye maduka ya viatu. Mchele mzee alinikataza, una unga. Binti yangu wa darasa la tatu ameandika kwenye mfuniko kwa kalamu nyekundu: SIO CHAKULA.