Sindano ya insulini na mama wa Likoni
Jana naiti wodini tulikuwa manesi wawili, wagonjwa 30 na kitu, na sindano za insulini (zile ndogo zenye alama za yuniti) zimeisha stoo. Sasa kuna mama wa Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, sukari imepanda, daktari kaandika yuniti 10, mwenzangu ati si utumie tu hii sindano ya kawaida ya mili 2, nikamwambia la, yuniti 10 ni mili 0.1, mkono ukiteleza kidogo ushampa mara mbili, na sukari ikishuka usiku mtu kalala nani atajua? Nikashuka mpaka kajualti, kule kwa wagonjwa wa dharura, kuomba, nikapata mbili (lifti nayo ni hadithi nyingine).

Narudi nakuta kijana wa yule mama mlangoni kafura, "sista, mwatuchelewesha makusudi." Sikumjibu, naye kachoka. Kisha akanivuta pembeni, ati mama atakatwa mguu lakini asiambiwe mpaka afike thieta. Haiwezekani kakangu, mama ana akili zake timamu na fomu ya kukubali upasuaji ataweka sahihi mwenyewe. Nikamwita daktari akamweleza polepole, mama kimya, mwisho akauliza kama ataweza kupanda feri peke yake.

Nimefika nyumbani saa tatu asubuhi, chai imepoa hapa mbele yangu.