Kumpeleka mtoto mkorofi judo

Kila skuli zinapofungwa, wazazi wa Unguja huleta watoto wakorofi kwenye judo na karate wakiwa na dhana moja: mtoto akipiga na kupigwa, hasira zitamtoka. Usiku huu naiandika kwa sababu inanikera, na si kweli.

Mwaka 2002 Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hili. Watu waliokasirishwa, kisha wakapiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walizidi ghadhabu na ukali kuliko waliokaa kimya tu. Kabla yake, mwaka 1986, Michael Trulson aliwafundisha vijana watukutu taekwondo ya asili, mchezo wa mapigano wa Korea, yenye kutafakari na heshima, na kundi jingine akalifundisha mapigano matupu. Baada ya miezi 6 ukali wa kundi la kwanza ulishuka, wa pili ukapanda. Vijana wenyewe walikuwa wachache, ndiyo, lakini matokeo hayo yanaonesha pa kutazama: namna somo linavyopangwa.

Judo nzuri kwa mtoto huanzia kwenye kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani, macho yanatazama mkanda, na mkono mzima, kuanzia kiganja, unapiga mkeka pamoja na mgongo, umefunguka kiasi kutoka ubavuni. Ukifunguka sana, bega linaumia. Akitanguliza kiganja peke yake ili kujizuia, kiko cha mkono kinaumia. Wiki za mwanzo ziende huko. Ugomvi mwingi wa wavulana unatokana na aibu ya kuangushwa mbele ya watu, na aliyezoea kuanguka kila jioni na kuinuka hana tena aibu hiyo ya kulipizia.

Kuinamiana nako kuna kazi yake: kunatenga mchezo na ugomvi. Mzazi anayeona kunafanana na rukuu azungumze na mwalimu. Mkono kifuani unatosha.

Mapambano yaje baadaye, raundi za dakika 2, uzito ukikaribiana. Mwenzako akigonga mara mbili kuonesha ameshindwa, unaachia papo hapo. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kumaliza kipindi kwa mashindano, mshindi akashangiliwa, kisha watoto wakatolewa nje moyo ukiwa bado unadunda. Hapo ndipo ngumi zinapoanza, njiani. Dakika 10 za mwisho ziwe za kunyoosha viungo na kukaa kimya.

Mtu ataniambia: mbona Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume huchapana kwa magogo ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka? Naam, lakini siku inajulikana, silaha ni laini, wazee wapo, na baadaye watu wanakula pamoja. Mipaka hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Ukienda kumwandikisha mtoto, kaa pembeni kipindi kizima. Mtazame mwenye nguvu kuliko wote anapomwangusha mdogo wake. Judo inamtaka abaki ameshika mkono wa koti la mwenzake na kuuvuta juu, ili mwenzake atue kwa ubavu, kichwa kisigonge chini. Akiachia mara kwa mara na mwalimu akanyamaza, mpeleke mtoto kwengine.