Usiku mkunga alipoanguka leba

Mwaka 2016 viroba vilikuwa bado vinauzwa kila genge, na kile cha mililita 100 kilienea bila shida kwenye mfuko wa sare. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe za paketi kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Haya yalitokea miezi michache kabla ya hapo, katika hospitali moja ya wilaya mkoani Kilimanjaro, wodi ya wazazi.

Mwenzetu alikuwa mkunga hodari kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Alianza kunywa baada ya mama mmoja kufariki alfajiri kwa kutokwa damu, zamu ikiwa na wauguzi wawili na vitanda vimejaa. Kikaitishwa kikao cha kutathmini kifo. Partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ikakaguliwa, saa zikahesabiwa, nani alimwita daktari na lini. Kikao cha namna hiyo ni cha lazima na kina faida kubwa. Ila inaniuma mpaka leo kwamba hakuna aliyemuuliza yeye anapataje usingizi. Alikuwa anaupata kwa kiroba, kila akitoka zamu ya usiku.

Kiroba cha mililita 100 chenye kilevi cha asilimia 40 kina takriban gramu 32 za kilevi halisi, kuzidi bia ya nusu lita ya asilimia 5, ambayo ina karibu gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala chai ya rangi wala kuoga maji ya baridi hakuliharakishi. Aliyemaliza viroba viwili saa tatu asubuhi anabaki na pombe kwenye damu hadi alasiri, pengine hadi saa kumi na mbili jioni. Akifikisha vinne, anapokea ripoti ya saa mbili usiku bado pombe imo mwilini. Na vinne havichelewi kufikiwa. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata: kukojoa, moyo kwenda mbio, kuzinduka na jasho. Anayelala mchana kwenye mwanga na kelele za majirani usingizi wake ni haba tangu mwanzo, basi kesho yake anaongeza dozi.

Matroni alisikia harufu, akamwita faragha. Akaahidi kuacha, na akaacha siku ileile, kimyakimya, bila kumwambia mtu yeyote. Wengi wetu tungempongeza. Kumbe hapo ndipo penye hatari. Ubongo uliokunywa kila siku kwa miezi umeshajizoeza kufanya kazi ukiwa umekandamizwa. Pombe ikiondoka ghafla, msisimko unabaki hauna wa kuuzuia. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka, homa na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kuua, huja zaidi kati ya saa 48 na 96.

Usiku wa siku ya pili aliingia zamu mikono ikimtetemeka hata akashindwa kuvunja ampuli ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Akasema ni malaria. Kipimo cha haraka hakikuonyesha kitu. Saa nne usiku akaanguka kando ya kitanda cha kujifungulia, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kurusharusha.

Leba, mwanamke akidegedeka, mkono hukimbilia magnesiamu salfeti kwa kuwa dhana ya kwanza ni kifafa cha mimba. Mkunga kijana alishaanza kuvuta gramu 4. Inchaji wetu, muuguzi msimamizi wa wodi, akamzuia.

"Subiri, mwanangu. Huyu hana mimba. Lete diazepamu na glukometa."

Akalazwa ubavu, ukosi ukafunguliwa, toroli ikasogezwa mbali, na hakuna aliyeruhusiwa kumtia kijiko mdomoni. Branula, sindano ya kupitishia dawa kwenye mshipa, ikaingia. Miligramu 10 za diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, zilipitishwa polepole, kwa dakika kadhaa, maana zikisukumwa kwa pupa huweza kukatisha pumzi. Begi la kupumulishia lilikuwa tayari kichwani pake. Glukometa, kipima sukari ya damu, ilisoma 3.1, chini ya kawaida. Thiamini, yaani vitamini B1, miligramu 100 ikaletwa mbio kutoka wodi ya jirani na kutangulizwa, kisha dekstrozi, maji ya sukari ya mshipani. Mnywaji wa muda mrefu huwa na thiamini kidogo, na sukari hutumia hata hiyo iliyobaki, ubongo ukaumia. Lakini thiamini ingechelewa, sukari isingesubiri. Kichwa kilipapaswa chote kutafuta jeraha la kuanguka.

Alipozinduka alikuwa amechanganyikiwa, anasukuma watu. Daktari wa zamu, kijana, akamuuliza inchaji, "Mama, nimpe klopromazini atulie?"

"Hapana, daktari. Ile hurahisisha degedege kurudi. Tumwongezee diazepamu kidogokidogo, tukihesabu pumzi."

Akawekwa chumba cha pembeni, taa ikawashwa usiku kucha kwa sababu giza humzidishia hofu anayeweweseka, na kila zamu ikampangia muuguzi mmoja wa kumhudumia. Diazepamu ya vidonge ilianza kila baada ya saa sita na kupunguzwa kidogokidogo kwa wiki moja, thiamini ikaendelea, maji na uji kila alipoweza kumeza. Faili lake inchaji alilifungia kabatini. Jambo hilo naliheshimu sana: wodi nyingine zilijua tu kwamba anaumwa.

Aliporudi kazini alipelekwa kliniki ya watoto, mchana tu, na funguo za kabati la dawa za kulevya zikashikwa na mwingine kwa muda waliokubaliana. Inchaji akagawa kwa wodi nzima dodoso la Shirika la Afya Duniani la maswali 10 kuhusu unywaji, bila majina. Alama ni 0 hadi 40, na kuanzia 8 unywaji unahesabiwa kuwa wa hatari. Kisha akabadilisha ratiba: zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na mama akifariki, wauguzi waliokuwepo wasitoke kabla ya kukaa na yeye inchaji. Maswali yake yalikuwa mafupi. Umekula? Unakwenda kulala wapi? Nani yuko nyumbani? Aliyejibu kwamba hana mtu alipangiwa mwenzake wa kuondoka naye.

Mkunga wetu alirudi leba mwaka uliofuata, kwanza kwa zamu za asubuhi.