Siku yangu moja garajeni Goma, na RAV4 yenye inamwaga mafuta ya direksyo (usukani)

Saa 1 asubui. Nafika garaje hapa Ndosho nakuta mama mmoja wa biashara ameshanitangulia, amesimama pembeni ya Toyota RAV4 yake. Hajanisalimia vizuri, anaanza: "Fundi, hii gari itanimaliza, kila asubui naongeza mafuta ya direksyo, jioni yameisha, na volani inakuwa nzito sawa nasukuma chukudu (kigari cha mbao cha mizigo)." Namuuliza wengine walimuambia nini. Ati kuna garaje walimuambia kremayeri (chuma cha meno chenye kinageuza magurudumu) imekufa, atafute okazyo, yaani iliyotumika, ya dola 200. Nani alilala chini ya gari akaangalia? Hakuna, walifungua tu kapo (boneti) wakatingisha kichwa.

Gari yenyewe ni ile ya kabla ya 2006, volani upande wa kuume kama nyingi zenye tunaletewa kutoka Japani. Hiyo jenerasyo bado direksyo yake ni ya mafuta, pompi inazungushwa na kurwa (mkanda) ya moteri (injini). Zenye zilifuata waliweka moteri ya umeme, hazina hata tone la kumwaga, magonjwa yake ni mengine.

Saa 2. Natandika kartoni safi chini, gari inasimama. Baada ya muda kuna doa jekundu. Hapo usikimbilie kusema ni direksyo, juu bwati (giaboksi) otomatiki na yenyewe inakunywa mafuta mekundu. Kwa hiyo napima zote mbili: bwati iko sawa, kikopo cha direksyo kiko chini ya alama na ndani kuna povu. Povu ni hewa, pompi inavuta hewa ndiyo maana mama anasema ikikata kona inalia.

Saa 3. Kabla ya kuosha kitu nataka kujua kama kweli ni kremayeri. Kila mwisho wa kremayeri kuna sufle, ule mpira wenye mikunjo mikunjo, na mipira ya ndani ikikufa mafuta yanajaa mule. Unaweza hata kuifinya ukasikia inacheza maji. Nimefungua koliye (pete ya kubana) ya upande wa kushoto, nimerudisha sufle nyuma, nimeingiza kidole: kukavu, kavumbi tu kidogo. Upande wa kuume vilevile. Namuita mama aweke kidole mwenyewe, maana mutu akiona kwa macho yake hatabishana kesho.

(Hapa kwetu lakini sufle zinakufa mapema. Mawe ya volkano ni makali, na hii vumbi nyeusi ikiingia kwenye mpira uliopasuka inakwangua chuma cha kremayeri na mipira yake. Mutu anabadilisha kremayeri ya pesa mingi juu ya sufle yenye haikufika dola 10.)

Kisha kuosha. Brashi, mazutu (dizeli) kidogo, sabuni, maji, halafu kompreseri ikaushe. Kura (umeme) ikakatika katikati, tukapangusa na vitambaa. Watu wengi wanaruka hii kazi ndiyo maana hawapati kitu: mafuta yakishika vumbi kila kitu kinakuwa kilowevu cheusi, huwezi kujua yanatokea wapi.

Saa 4. Peti wangu (kijana anajifunza kazi) anapanda, anawasha moteri, mimi niko chini na toroshi. Nampigia kelele "kushoto! mpaka mwisho! rudisha!" Akifika mwisho asishikilie, sekunde kidogo tu anaachia, juu volani ikifika mwisho presio (nguvu ya mafuta kusukuma) inapanda mpaka pale pompi inaweza, ni bare 70 na kupita (bare ndiyo kipimo cha presio), wakati pneu (tairi) yako iko na 2 na kitu. Ukikaa pale pompi inachemka.

Na ndiyo nimeona. Kwenye diriti ya presio (bomba la mpira lenye linatoa mafuta kwa pompi), pale mpira unaingia ndani ya kola ya chuma, kanatoka katone kembamba kila akifika mwisho. Kanatelemka juu ya bomba ya chuma, kanafuata kona yake, kanafika kwa kremayeri, pale kanaanguka. Kwa hiyo kremayeri ilisingiziwa bure. Siku zote natafuta mahali pa juu kabisa penye kulowa, si pale panapodondoka.

Mama anauliza kama siwezi kuifunga na koliye mbili na chambari (mpira wa ndani) ya baiskeli. Hapana mama. Kwa diriti ya kurudisha mafuta kwenye kikopo sawa, ile presio yake ni ndogo, koliye nzuri inatosha. Lakini hii ya presio ikirushia mafuta kwenye eshapema (bomba ya moshi) ya moto, gari inaweza kuwaka. Na wale wanaongezea mafuta ya freni kwa sababu ndiyo yako karibu, wanaharibu mipira yote ya direksyo, halafu kweli unanunua kremayeri.

Saa 5 mpaka saa 8. Napanda moto (pikipiki) mpaka soko ya Birere. Diriti ya okazyo niliipata lakini kona yake haikuwa ile, na mpira wake umezeeka sawa na wangu, sikuichukua. Nikaenda kwa papa mmoja anatengeneza diriti za makamiyo (malori) na kateripila. Anakata mpira uliokufa, anabakisha vichwa vya chuma, anaweka mpira mupya wa presio wa kuvumilia mafuta na moto, anabana na presi. Dola 35. Alikuwa na watu mbele yangu, nikala ugali na sambaza pale kando, sambaza za leo zilikuwa tamu kweli.

Saa 9. Kufunga. Rondeli (washa) za shaba za kwenye bulo (bolti) lazima mupya, za zamani zilishajibana, hazizibi mara ya pili. Diriti ikae mbali na eshapema. Halafu mafuta ya direksyo, Dexron III, na hapa peti anapenda kuharakisha: kriki (jeki) mbele, magurudumu juu, moteri IMEZIMWA, zungusha volani polepole kushoto na kuume huku naongeza, mpaka mapovu yaishe. Ndiyo tunawasha, tunarudia tena. Karibu litri nzima imeingia. Mwanzo yalikuwa meupe kama maziwa, tukayaacha yatulie, yakarudi mekundu.

Saa 11. Tumetoka na mama mpaka upande wa Mugunga na kurudi, kona zote, mashimo yote, haikulia. Kartoni mupya chini: kavu. Amesema bei ni kali, nikamukumbusha ile dola 200, tukakubaliana alipe nusu leo na nusu Jumamosi akirudi niangalie kiwango cha kikopo. Kwenye zile noti kulikuwa 10 moja imepasuka kwenye pembe, nikamurudishia, hiyo hapa Goma hakuna mutu atakupokea. Akacheka, akatoa ingine.