Aubusson, kwa wafumaji wa viti

Treni kutoka stesheni ya Austerlitz, Paris, ilinishusha La Souterraine, nikaendelea kwa barabara ya vilima hadi Aubusson, mji mdogo kando ya mto Creuse. Mimi ni fundi wa makochi. Viti vya Kifaransa vya karne ya 18 nilivijua kwa picha tu: mbao za mti wa jozi zilizochongwa maua na makombe ya baharini, mikono iliyopinda, na tapestri, kitambaa kizito chenye picha iliyofumwa, mgongoni na pa kukalia.

Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV, alizipa karakana za ufumaji za mji huu hadhi ya kifalme. Mwaka 1685 mfalme huyohuyo akafuta Amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti, na wafumaji wengi wakakimbilia Ujerumani na Uswisi. Ufumaji haukufa, na tangu 2009 umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO.

Katika makumbusho ya tapestri, yaliyofunguliwa 2016, nilisimama sana mbele ya kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia. Mtande, yaani nyuzi zilizotandwa, umelala, mchoro uko chini yake, na mfumaji anapitisha mshindio, uzi wa kukatiza, akiwa upande wa nyuma wa kazi. Uso wa picha hauoni, mpaka apenyeze kioo kidogo chini ya nyuzi. Na kwa kiti hafumi jora la kukatwa baadaye: anafuma kipande cha mgongo, cha kukalia na vya mikono, kila kimoja kwa umbo lake. Kwangu mimi, hilo linazidi nakshi zote za seremala.

Mtaa wa nyuma nilimkuta mama mmoja anayekarabati viti vya kale. Nilipomwambia kazi yangu, alinikaribisha mezani. Alikuwa ameshafungua kitambaa cha kiti, singa za farasi za kujazia zimelundikwa pembeni. Juu, mawaridi yalikuwa yamepauka kama majani makavu. Akakipindua: nyuma, ambako jua halikufika, wekundu ulikuwa mbichi kabisa, na kijani vilevile.

Kisha akanionyesha kwenye fremu matundu yaliyoachwa na misumari ya kitambaa kingine. Vitambaa vingi vilihamishwa kutoka kiti hadi kiti, kwa hiyo mbao na tapestri huenda si za umri mmoja. Mnunuzi atazame ukingo: ua likiwa limekatwa katikati, kitambaa hicho kilifumiwa kiti kingine.