Sentimita 52 mbili: siku yangu na warukaji

Saa 12 asubuhi. Nimefika ukumbini na chaki, futi ya kupimia na boksi la sentimita 30. Leo tunapima kuruka.

Saa 12:40. Wachezaji wawili wa voliboli wanapaka chaki vidoleni. Kila mmoja anagusa ukuta akiwa amesimama, kisha anaruka na kugusa tena. Tofauti ya alama mbili ni sentimita 52 kwa wote. "Basi zoezi letu ni moja, Kocha!" Nikanyamaza.

Saa 1:15. Mikono kiunoni. Kwanza wachuchumae, watulie sekunde 3, ndipo waruke. Halafu washuke haraka na kuruka papo hapo. Yule mwenye mapaja mazito alipata 46, kisha 47. Mwembamba alipata 39, kisha 47. Wa mapaja ana nguvu bila mdundo: akishuka kutoka kwenye boksi, visigino vinapiga sakafu kishindo kama gunia. Mwenzake anagusa tu na kuondoka, ila akibebeshwa chuma cha uzito wake mwenyewe, skwati moja, yaani kuchuchumaa na kuinuka, inamtoa jasho.

Saa 2. Ugomvi. Mwenye nguvu anataka vyuma, mwembamba anataka kurukaruka. Kila mtu hupenda anachokiweza! Nikawabadilishia. Wa kwanza: miruko mitano mitano, mguso mfupi, kupumzika dakika 2 kila seti, akianza kuchelewa sakafuni tunaacha, hata kama seti zimebaki. Wa pili: skwati nzito, tano tano, na siku za kuruka nimempunguzia.

Zamani niliwapa wote miruko ya boksi sawasawa. Mmoja akaumia kano ya chini ya goti, wiki kadhaa nje. Kosa lilikuwa langu.

Saa 8 mchana. Daftari, na video za simu. Sekunde 0.6 hewani ni kama sentimita 44, mradi asikunje magoti kabla ya kutua ili akae hewani zaidi. Ujanja huo ninaujua.

Saa 10 jioni. Msichana mgeni anaruka vizuri, lakini akitua magoti yanaingia ndani. Leo hakuruka juu hata mara moja. Tulifanya kutua tu, akanuna.

Saa 12 jioni. Nafunga. Yule wa mapaja amesimama karibu na vyuma.

"Kocha, seti moja tu."

Nikamwonyesha mlango.