Lila ya Wagnawa: kazi ya usiku kucha

Lila ni ngoma ya pepo ya Wagnawa wa Moroko. Kabla haijaanza, gembri, ala yao ya nyuzi, huota moto. Uso wake ni ngozi ya shingo ya ngamia iliyowambwa juu ya gogo moja lililochimbwa kama mtumbwi, na unyevu wa bahari pale Essaouira, mji wa pwani ya Moroko, huilegeza. Ikilegea, uzi mnene hutoa sauti ya kufifia, na kishindo cha vidole juu ya ngozi hakisikiki. Basi chombo husogezwa karibu na makaa. Ngozi ikishakaza, nyuzi 3 za utumbo wa mbuzi (siku hizi mara nyingi nailoni) huwekwa sawa kwa kusogeza vikanda vya ngozi vilivyozifunga shingoni, maana gembri ya kale haina vigingi. Uzi mfupi haukanyagwi kamwe. Hulia noti ileile usiku kucha, na ndio unaomshika mcheza ngoma.

Mpigaji huitwa maalem, neno lililozaliwa pamoja na “mwalimu” wetu. Vijana wake hupiga qraqeb, vyuma viwili viwili vya mkononi.

Wagnawa ni wazao wa watu wa kusini mwa Sahara waliopelekwa Moroko, wengi utumwani, wengine jeshini. Mwaka 1591 majeshi ya Ahmad al-Mansur, sultani wa Moroko, yaliipiga dola ya Songhai, kusini mwa Sahara. Baadaye sultani Mulai Ismail (1672–1727) akajijengea jeshi kubwa la watu weusi. Ndiyo maana nyimbo zina maneno ya Kibambara na Kihausa ambayo baadhi ya waimbaji hawajui tena maana yake. Nasaba yao ya kiroho huifikisha kwa Bilal, mwadhini wa Mtume aliyewahi kuwa mtumwa, na zawiya yao, yaani nyumba yao ya ibada, ya Essaouira ina jina lake.

Usiku wenyewe huanzia nje, kwa maandamano ya mishumaa na ngoma kubwa. Hufuata nyimbo na michezo ya kuwakumbuka wahenga. Hapo hakuna anayepandwa na pepo. Kisha huja mluk, yaani pepo wenyewe, kila kundi kwa rangi yake, nyimbo zake na moshi wake wa jawi, utomvu unaofukizwa kama ubani. Nyeupe ni ya Abdulkadir Jilani, asiye mgeni kwa watu wa tarika ya Kadiria huku pwani. Buluu ni ya Sidi Musa wa baharini, na mwenye kupandwa naye hucheza na bakuli la maji kichwani. Nyekundu ni ya Sidi Hamu wa machinjioni, nyeusi ya Sidi Mimun, na ya manjano ya Lalla Mira. Mpangilio hutofautiana kutoka mji hadi mji, ila ndani ya mji mmoja hauchezewi.

Mkuu wa shughuli ni moqaddma, mara nyingi mwanamke. Ndiye anayejua mgonjwa ana pepo gani na ndiye anayemfunika kitambaa. Rangi ikikosewa, mtu hubaki ameketi, ngoma ikimpita. Kosa baya zaidi ni kukatiza wimbo mapema. Wimbo huanza polepole, huongeza mwendo, na maalem humtazama mcheza ngoma, si vidole vyake mwenyewe. Akiona miguu bado inatafuta ardhi, hurudia. Akinyamaza kabla mtu hajaanguka na kutulia, yule hubaki ananing'inia, mzito na mgonjwa kuliko alivyokuja. Jukwaani, kwenye tamasha la Essaouira lililoanza 1998, wimbo hukatwa kwa saa ya ratiba. Muziki ni mtamu, sikatai, lakini hiyo si lila.

Tena huku si kumfukuza pepo. Waliowahi kuona ngoma ya kupunga pwani wataelewa upesi: pepo hulishwa, huchezewa, hupatanishwa na kiti chake, yaani mtu anayempanda, na mwakani hudai tena. Msimu mkubwa ni Shaaban, kwa kuwa Ramadhani pepo hufungwa, na mwenye deni hataki kuingia mfungo akiwa nalo.